Kuku Aliyeatamia Mayai ya Bibi

Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na mama yangu kwa njia ya simu, na kwa kuzingatia kwamba hapakuwa na mtu mwingine wa kukabidhiwa, ninautangazia umma kuwa mimi ndiye niliyekuwa Mkuu wa Lishe, Makazi na Usalama wa Ndege katika ua wa babu yangu kwa likizo yote ndefu. Wafanyakazi wangu walikuwa wawili, koleo na ndoo. Asubuhi ya kwanza kazini niliteleza kwenye kinyesi cha bata mbele ya raia wangu wote, nikakaa kitako, na jogoo akanipanda begani kuwika.

Babu alikuwa barazani nyuma ya cherehani yake. Aliiona ajali yote kwa jicho lake zuri. Lile jingine lilikuwa na mtoto wa jicho, na kila mwaka alilipeleka hospitali kwa mdomo tu.

"Karibu nyumbani, Wakili," akasema.

Wakili ni mimi. Babu aliniita hivyo tangu sijaota meno ya pili kwa sababu, kwa maneno yake, ningeweza kumtetea paka aliyekutwa na samaki mdomoni mpaka samaki ndiye afungwe.

Lakini hakucheka. Hilo liliniuma kuliko makalio. Babu niliyemjua angeshika mbavu, angemwita Bibi aje aone, na hadithi ingefika kwa majirani kabla sijanyanyuka. Huyu alinitazama kama mtu anayetazama mvua inyeshayo kwenye shamba la mwingine, kisha akarudi kwenye kazi yake. Na kazi yenyewe haikuwepo. Alikuwa akikanyaga pedeli bila kitambaa, sindano ikipanda na kushuka, inashona hewa.

Tulikuwa tumemzika Bibi wiki iliyotangulia. Shule yetu ya bweni ilifungwa, mama akarudi kazini kwake mbali, wajomba wakarudi makwao, na mimi nikaachwa "nimwangalie Babu". Nilimwangalia kwa kweli. Hapakuwa na jambo jingine la kumfanyia.

Ua ule, tangu nipate akili, ulikuwa na vyama viwili. Kuku walikuwa wa Babu, bata walikuwa wa Bibi. Kuku walikula chakula kikavu, pumba na mahindi ya kuvunjwa na mashudu kidogo, kwenye chombo kilichoning'inizwa kwa waya kimo cha migongo yao ili wasichakure na kumwaga. Bata walikula mash, yaani pumba iliyokorogwa na maji, kwenye karai lililowekwa kando ya mfereji. Bata hawezi kula mahali pasipo na maji. Anachota tonge, anakimbilia beseni, anasukutua pua, anarudi kwenye tonge, na njia yote anaacha uji. Kufikia mchana beseni la maji limekuwa tope, na kuku, ambao kukanyaga unyevu kwao ni fedheha, wanasimama pembeni wakinung'unika.

"Mke wangu," Babu alikuwa akisema, "bata wako wanakula kama watu waliolelewa sokoni."

"Na kuku wako wanatembea kama wakaguzi wa shule," Bibi alikuwa akijibu. "Wanachungulia kila kitu na hawasaidii lolote."

Mchezo huo waliucheza kila siku, na mimi nilikulia ndani yake nikidhani ndivyo watu wanavyosalimiana.

Siku ya msiba watu walikuwa wengi kuliko sufuria. Mjomba wangu mkubwa, mwenye huruma nyingi na subira kidogo, akaingia bandani na kisu. Kuku hulala juu ya vijiti, wakamshinda kuwakamata. Bata hulala chini. Hakuna aliyemuuliza Babu. Jioni alipotoka kuwalisha, akigonga sufuria kwa mwiko kama Bibi alivyofanya, alikuja bata mmoja tu, jike mzee mweusi mwenye doa jeupe shingoni. Yeye aliokoka kwa sababu alikuwa nyuma ya tangi la maji, akitaga.

Babu alinionyesha mayai hayo jioni ya siku ile niliyoteleza. Alinipeleka nyuma ya tangi, akainama kwa hatua tatu kama meza inayokunjwa, akafunua majani makavu. Yalikuwa saba, makubwa, meupe yenye ukijani kwa mbali.

"Unaona? Bibi yako alipokuja kuishi nami alikuja na begi na kikapu. Nikadhani kikapuni mna nguo. Kumbe mna mayai mawili ya bata, kayazungushia sweta lake na yeye anatetemeka kwa baridi. Bata wote uliowaona hapa maisha yako yote wametoka kwenye mayai yale. Hawajakatika hata mwaka mmoja."

"Na wewe uliwachukia," nikamwambia.

"Sana. Niliwachukia kila siku, asubuhi na jioni. Unadhani ni kazi ndogo?"

Akamkamata yule jike, akanishikisha mkono wangu chini ya mkia. "Gusa mifupa ya nyonga. Imebanana, siyo? Kidole hakipiti. Amefunga, hatagi tena. Haya ndiyo ya mwisho, Wakili. Yakianguliwa, hata mmoja tu, basi bata wa bibi yako wapo. Yasipoanguliwa, ndiyo mwisho wao."

Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kupima kiuno cha mteja. Ndiyo maana nilijua anamaanisha.

Shida ilikuwa kwamba bata mwenyewe hakutulia. Alikaa kwenye mayai muda wa kunywa chai, kisha akainuka na kuzunguka ua akiita wenzake. Alichungulia chini ya karai. Alichungulia ndani ya mfereji. Alisimama mlangoni mwa banda, akapiga kelele kwa sauti yake ya kukwaruza, akasubiri jibu. Siku ya pili niliyagusa mayai, yalikuwa baridi kama mawe ya mtoni.

"Tuyaweke chini ya kuku," nikamwambia Babu. "Karani ameanza kuatamia jana."

Karani alikuwa kuku wa kahawia mnene aliyepewa jina hilo kwa sababu akishakaa hainuki, na ukimuuliza kitu anakukasirikia. Alikuwa stoo, chini ya meza ya kupigia pasi, kwenye boksi ambalo Babu alilitandika vipande vya vitambaa vya wateja. Alikuwa amekalia mayai yake manane juu ya masalio ya sare za shule na suti za arusi.

"Bibi yako hakutaka," Babu akasema. "Alisema mtoto wa bata akilelewa na kuku anajifunza kuogopa maji. Na kuku anayeatamia haguswi. Ukimgusa anasusa. Huyu bata atakaa tu. Ana huzuni. Mpe muda."

Nikamtazama mwenye kusema mpe muda, pedeli chini ya mguu wake, sindano inashona hewa.

Hapo ndipo akili yangu, ambayo matroni wetu aliwahi kuiandikia mama kuwa "ingetumika vizuri zaidi ikilala", ilipoamka. Niliona picha. Babu anatoka asubuhi na kikombe chake. Anamkuta Karani, kuku wake mwenyewe, fahari ya chama chake, anaongoza vifaranga vya bata uani. Vifaranga vinaona beseni, vinatumbukia. Karani anapiga mayowe ukingoni kama mama aliyeona watoto wake barabarani. Babu anaelewa. Anashika mbavu. Kicheko kinatoka, kile chenyewe, cha kumwita mtu aje aone. Bata wa Bibi wamerudi, na wamerudi kupitia mlango wa adui. Mzaha mkubwa kuliko huo nilikuwa sijawahi kuubuni, na huu ulikuwa na faida ya kuwa mwema.

Kwa hiyo Babu aliposinzia baada ya chakula cha mchana, nilivaa glavu za oveni za Bibi, nikamwinua Karani, nikadonolewa kwenye kiwiko ambako glavu haikufika, nikatoa mayai yake manane na kumwekea yale saba. Alinitazama. Akayasukuma makubwa yale chini ya tumbo moja moja kwa mdomo, akajikunjua, akatulia kama mtu aliyekalia gunia la viazi na kukubali kuwa ni kochi. Mayai yake nikayaweka kwenye kikapu cha jikoni. Kesho yake nilimkaangia Babu matatu, akasema yana ladha nzuri. Nikainamia sahani yangu nisicheke.

Nilikuwa bado natafuna nilipomwona ameinuka kwenda nyuma ya tangi. Alikaa huko muda mrefu. Nilipomfuata nilimkuta amepiga magoti, anapapasa majani. Alipapasa pale kiotani, halafu pembeni, halafu chini ya tangi mpaka mkono ulipoishia. Kisha akarudia pale kiotani, kwa kuwa hakuliamini jicho lake.

"Wakili, njoo unitazamie. Pengine nimepofuka."

Nikaja. Nikatazama. Nikafungua mdomo, na naapa neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini ile picha ya kicheko ilikuwa bado ipo, inang'aa, na nikafikiri: akifurahi sasa atafurahi kidogo tu, akifurahi baadaye atafurahi mara mbili. Nilikuwa nimesoma bweni miaka mitatu. Tulifundishwa kwamba kitu kizuri hungojewa.

"Hayapo, Babu," nikasema.

Alibaki pale chini akiokota manyoya madogo ya bata yaliyonasa kwenye majani, anayaweka kiganjani. Nilimsaidia kuinuka. Mchana ule hakukanyaga pedeli kabisa.

Saa kumi alivaa kofia, akaenda kwa jirani, nami nyuma yake. Jirani yetu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mwanamume mwenye kope zilizoungua na sauti ya chini, na alikuwa na mbwa aliyeitwa Polisi. Tangu msiba, fundi huyu alikuwa akija kila jioni na kigoda chake, anakaa na Babu barazani. Hawakuzungumza sana. Alikuwa tu anakaa mpaka giza liingie, anasema "Haya, Mzee," anaondoka.

"Shikamoo, Mzee," akasema alipotuona, akainua miwani yake ya kazi.

"Marahaba. Mbwa wako amekula mayai yangu."

"Polisi?" Fundi akamgeukia mbwa, ambaye alikuwa amelala chini ya geti la mtu. "Polisi anamwogopa hata bata mwenyewe, Mzee. Juzi yule jike wako alimchapa kwa bawa, akaja kujificha kwangu chini ya kitanda."

"Hata maganda hayapo. Mbwa hula na ganda."

"Hata watu hula mayai." Fundi akanitupia jicho kidogo tu. Nami nikaanza kuvutiwa sana na ufundi wa bawaba.

"Yalikuwa ya mke wangu," Babu akasema.

Fundi akachukua mnyororo ukutani, mnyororo mzuri mpya aliokuwa amemtengenezea mteja, akamfunga Polisi kwenye nguzo. "Pole, Mzee," akasema. "Kama ni yeye, pole sana."

"Kama," Babu akasema. "Anasema kama."

Jioni ile kigoda hakikuja. Wala kesho yake. Polisi alilia usiku kucha, na usiku uliofuata, kisha akazoea, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi kulisikia.

Nilijiambia ni wiki tatu tu. Yai la kuku huanguliwa baada ya wiki tatu, hilo nililijua vizuri. Kwenye mtihani wa baiolojia nilichora kiinitete cha kuku kwa penseli za rangi, nikapata alama zote, na mwalimu akakibandika ukutani. Wiki tatu, halafu Babu anacheka, Polisi anafunguliwa, kigoda kinarudi, na mimi nasamehewa kila kitu kwa mkupuo. Nilikuwa nimeshaandaa hata hotuba.

Kwa hiyo nilifanya kazi kwa bidii ambayo ingemshangaza matroni. Nilimpelekea Karani mahindi na maji stoo mwenyewe, Babu asije akainama chini ya meza. Karani alipotoka kunya na kujimwagia vumbi, nilisimama mlangoni mwa stoo nikiimba nyimbo za shule ili Babu asikaribie. Nilikwangua tope, nikabadilisha maji, nikaponda maganda ya mayai na kuyachanganya kwenye chakula cha kuku ili mayai yao yapate ganda gumu.

"Mbona umekuwa mtu?" Babu akaniuliza siku moja.

"Elimu, Babu."

"Hapana," akasema. "Ni kufiwa. Kufiwa humkuza mtu."

Nikachukua koleo, nikarudi kwenye tope langu.

Chakula cha bata alikitengeneza yeye mwenyewe. Hakuniachia. Kila asubuhi alichota pumba kopo baada ya kopo, akamimina maji, akakoroga kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, na kila asubuhi alitengeneza cha bata kumi. Yule jike alikuja, akala tonge, akakimbilia beseni, akarudi, akasimama. Karai lilikuwa kubwa mno. Alikula ukingo mmoja tu, uleule, na mash iliyobaki ikachacha juani mpaka nilipokuja kuimwaga. Siku moja nilimwambia, "Babu, punguza kidogo, inaharibika." Akasema, "Najua." Kesho yake akachanganya ileile.

Wiki ya tatu ilipotimia, Babu alianza kwenda stoo asubuhi, anasimama kando ya meza, anategea sikio. Vifaranga huanza kulia ndani ya yai kabla ya kutoka. Aliinama kadiri mgongo ulivyomruhusu.

"Unasikia kitu?"

"Sisikii," nikasema, na safari hii nilisema kweli.

Siku ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Karani alikuwa amekonda, upanga wake mwekundu wa kichwani umekuwa mweupe, lakini hakuondoka. Siku iliyofuata Babu akatikisa kichwa.

"Ni viza. Mwaka huu kila kitu ni viza. Huyu kuku tukimwacha atajiua kwa mayai maiti. Mtoe, Wakili, mchovye tumbo kwenye maji baridi, akili imrudie. Na hayo mayai kayatupe mbali, yakipasuka humu ndani tutahama nyumba. Au ngoja, nitayatoa mimi."

"Nitayatoa mimi," nikasema haraka. "Mgongo wako, Babu."

Nilimtoa Karani. Nikayaweka mayai kwenye ndoo na kuyafunika kwa kitambaa ili Babu asione rangi. Nikapita karibu naye na ndoo yangu, nikiwa na sura ya mtu anayekwenda kumwaga taka. Yalikuwa na joto, lakini nikasema ni joto la kuku. Nilijisikia vibaya, sitaki mtu afikiri sikujisikia vibaya. Mzaha umekufa, na bata wa Bibi wamekufa nao. Lakini kando ya huzuni ile kulikuwa na kijisauti kingine kikisema: sasa hakuna haja ya mtu kujua. Polisi keshazoea mnyororo. Babu keshazoea. Ukimwambia sasa atafiwa mara ya pili. Nilikipa kijisauti hicho jina la hekima.

Nyuma ya banda kulikuwa na kiwanja kitupu na ukuta wa nyumba ambayo mwenyewe aliishia njiani kuijenga. Kila mtu anajua yai viza likipasuka linanuka kama shetani aliyekosa maji ya kuoga. Kwa hiyo nilisimama mbali, nikaziba pua kwa mkono mmoja. Yule jike mzee alikuwa amenifuata, amesimama nyuma yangu. Ng'ambo ya ua, Polisi alikaa kwenye mnyororo wake akitazama. Palikuwa na hadhira. Mimi na hadhira tunajuana.

"Ndugu waombolezaji," nikasema kwa sauti ya mwalimu mkuu wetu siku ya kufunga shule, "tumekusanyika hapa kuwaaga vijana ambao, licha ya jitihada zote za walimu, hawakufaulu." Nikarusha la kwanza. Nilikuwa bingwa wa kurusha tufe bweni letu. Lilipiga ukuta katikati kabisa. "Huyu alipenda michezo." La pili. "Huyu alikuwa msiri sana, hakuwahi kufungua mdomo." La tatu, la nne, la tano. Kila moja nililipa sifa yake. Nilishangaa kwamba harufu haiji, nikasema upepo leo una adabu. La sita nililiwekea na heshima ya kijeshi.

La saba nililishika vibaya. Vidole vilikuwa na jasho. Niliporudisha mkono nyuma ili nirushe, nilibana, na likavunjika kiganjani.

Halikunuka. Ilitoka damu, damu nyekundu ya kawaida kama ya mtu, ikatiririka mpaka kiwikoni. Na ndani ya vipande vya ganda kulikuwa na kitu kizima kimejikunja, kina manyoya yaliyolowa, meusi na njano, kiini cha yai bado kimening'inia tumboni mwake. Macho yalikuwa yamefumba. Mdomo ulikuwa mpana. Ukafunguka, ukafunga. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka.

Niliutazama ukuta. Nikaacha kuutazama.

"Wakili, mbona unahutubia?" Ilikuwa sauti ya Babu, inakuja kando ya banda. "Kuku wako analia kama mjane. Leta hiyo ndoo nimchovye mwenyewe."

Nikaficha mkono nyuma ya mgongo.

"Una nini?"

"Sina kitu."

"Sketi yako ina damu."

"Nimejikata, Babu. Kidogo tu. Kwenye ndoo."

"Nione."

Babu ameshona nguo miaka hamsini, na ukimwambia hapana wakati anataka kupima mkono wako, anauchukua tu. Aliuchukua. Alikunjua vidole vyangu kimoja kimoja. Akainamisha lile jicho zuri. Kisha, kwa kuwa jicho halikumtosha, akatumia vidole. Akashika mguu mdogo ule kwa kidole gumba na cha shahada, akautanua taratibu kama anavyotanua kitambaa ili ajue ni pamba au ni nailoni. Ngozi nyembamba iliyounganisha vidole vile ikafunguka.

"Kuku gani ana mguu huu?" akauliza.

"Labda amezaliwa kilema, Babu."

Hilo ndilo nililosema. Sina namna ya kulipamba.

Hakunikemea. Alikuwa anahesabu, niliona midomo ikicheza. Kitu kiganjani mwangu kilifungua mdomo mara moja tena, kisha hakikufungua.

"Mayai ya kuku ni wiki tatu," Babu akasema polepole. "Ya bata ni wiki nne, Wakili. Wiki nne. Hawa walikuwa wamebakiza siku chache tu." Akaninong'oneza karibu, kama mtu anayeomba asaidiwe. "Nani aliyaweka chini ya Karani?"

Nilitaka kuwa wakili. Nilimtafuta yule wakili ndani yangu, yule wa paka na samaki, na palikuwa patupu.

"Mimi," nikasema. "Siku ile ulipolala mchana. Mayai uliyokula ndiyo ya Karani. Sikujua wiki nne, Babu, nilijua tatu tu. Ulipokuwa unapapasa nyuma ya tangi nilijua yako wapi, nikanyamaza. Polisi hakula kitu. Nilikuwepo alipofungwa, nikanyamaza. Na leo nilipoyatoa niliyafunika ili usione, kwa sababu nilitaka usijue kabisa, milele."

"Mengine yako wapi?"

Nikaelekeza kwa mkono ule uliokuwa hauna kitu.

Babu akavuka kiwanja. Alitembea pole, bata mzee nyuma yake, mpaka kwenye ukuta. Akanyoosha mkono, akaanza kupapasa matofali toka juu, pale palipolowa, akishuka nayo mpaka chini kwenye majani. Akapiga magoti.

"Nilitaka ucheke, Babu," nikamwambia.

Hakugeuka. Nikadhani hakusikia, nikasogea karibu, nikamwambia tena.